Kumi na Wanne wa Hereni ya Njano

Jumanne, 3 Juni 2025

Semina mjini. Ukumbi wa hoteli una feni tatu, inazunguka moja, na hiyo moja iko juu ya wageni. Chai saa nne. Andazi gumu.

Tumefundishwa nano, sayansi ya vitu vidogo mno. Mimi, Regina Akidor, msaidizi wa afya ya mifugo, mwenye cheti cha miaka miwili na pikipiki isiyo na breki ya nyuma, kuanzia leo ni mtu wa nano. Mama akisikia atadhani ni cheo na atawaambia watu kanisani.

Mkubwa wa mradi ni Daktari Mungania. Mmeru, mpole, anaongea polepole kama mtu anayesomea watoto imla. Alitaka tuone udogo wa hiyo nano: chukua unywele mmoja, uupasue mara elfu themanini. Akapapasa kichwa chake atafute unywele wa mfano — hakuna, kipara kitupu! Akaomba wangu. Akauinua juu, akausifu, akaeleza sayansi dakika kumi nzima. Sikuwa na moyo wa kumwambia unywele ule ni wa duka. Nilisukwa Jumamosi pale mtaa wa Wabera.

Nilichoelewa: ni chanjo ya homa ya mapafu ya mbuzi, ile sisi Waturkana tunaita loukoi. Chanjo imefungwa ndani ya vipunje vidogo kuliko vumbi. Unaitia puani kwa matone, vipunje vinajishikiza huko ndani, vinaachilia dawa pole pole. Hakuna sindano. Hakuna barafu! Hapo nilikaa wima. Miaka tisa nimebeba chanjo ya kawaida kwenye kikasha cha barafu, nikifika kijijini Gotu barafu imeyeyuka na chanjo imekuwa maji ya kunawa. Kama hii kitu inafanya kazi kweli, nitaacha kejeli wiki nzima. Nimeandika, kwa hivyo ni ahadi.

Sasa jaribio lenyewe. Maboma sita ya Gotu. Kila boma, nusu ya mbuzi wapate matone ya chupa P, wavae hereni ya bluu sikioni. Nusu nyingine chupa Q, hereni ya njano. Chupa moja ni chanjo, nyingine ni maji ya chumvi. Ipi ni ipi? Inajua kompyuta ya Nairobi peke yake. Baada ya miezi mitatu watahesabu wagonjwa, na matokeo yakiwa mazuri mbuzi wote wa wadi ya Ngare Mara watapata chanjo bure. Hiyo ndiyo awamu ya pili.

Boma moja kati ya yale sita ni la mama yangu. Nikauliza kama hiyo haitaleta shida. Daktari akasema hapana, huo ni uhusiano mzuri na jamii. Basi mimi ni uhusiano.

Alhamisi, 5 Juni

Gotu tangu alfajiri. Nanuka mbuzi mpaka kwenye kope. Mbuzi mia moja thelathini na wawili, tundu mbili za pua kila mmoja, na wote hawataki.

Mama ana thelathini. Kumi na sita wamepata bluu, kumi na wanne njano. Kompyuta ndiyo ilichagua, mimi nilisoma tu orodha. Mama hakupenda yule mwekundu mwenye kiuno cheupe kuvalishwa njano — ndiye mama wa nusu ya zizi. Nikamwambia rangi haina maana. Akasema basi kama haina maana mbadilishie. Nikajifanya koleo la hereni limekwama.

Apua alikuja kutazama kazi kabla ya zamu yake. Apua ni jirani wa mama, mjane, boma lake na letu ni hatua hamsini. Mama alipolazwa hospitali akimzaa ndugu yangu Lodio, Apua ndiye alinibeba mgongoni wiki tatu. Ana mbuzi ishirini na wawili na hana kitu kingine duniani. Aliangalia chupa kwa jua, akaitikisa, akauliza dawa iko wapi, mbona anaona maji. Nikatoa semina yangu: vipunje, udogo, jicho haliwezi.

Akasema, "Kwa hivyo mmeleta kitu haionekani, mnaweka mahali haionekani, na nyinyi wenyewe hamjui ni mbuzi gani amepata."

Daktari aliandika maneno hayo kwenye kitabu chake kama maoni ya jamii. Kwangu ndiyo maelezo bora ya mradi niliyosikia mpaka leo.

Ijumaa, 20 Juni

Gotu imeshaamua. Kompyuta ya Nairobi iendelee kuficha siri yake, hapa siri imejulikana zamani: bluu ndiyo dawa. Sababu? Apua anasema njano ni rangi ya mtungi wa plastiki wa kuchotea maji, na mtungi kila ukiuangalia huwa mtupu. Hakuna aliyempinga. Hata katekista amekubali.

Lakini si hayo tu. Wanasema kwa vile matone yalikuwa maji matupu, bila rangi wala harufu, basi dawa yenyewe imo ndani ya hereni. Inaingia polepole kupitia tundu la sikio. Ukifikiria, ina akili kuliko ile ya unywele.

Kubai, dereva wetu, alicheka mpaka akasimamisha gari. Mimi sikucheka sana. Watu wakiamini hereni ni dawa, hereni haitakaa ilipo.

Jumamosi, 28 Juni

Haikukaa!

Lodio anaoa. Baba wa msichana ni mzee Ekuam wa Oldonyiro, mtu mwenye masikio marefu, maana habari za mradi zilimfikia kabla ya sisi kumaliza kuosha mikono. Jana wajumbe wake walikuja na masharti: mbuzi thelathini wa mahari, na wote wawe na hereni ya bluu. Mbuzi wa njano asipelekwe kwake, yeye haozi binti kwa wagonjwa.

Lodio hana mbuzi thelathini wa bluu. Hakuna mtu Gotu aliye nao. Kwa hivyo leo asubuhi ndugu yangu mpendwa na marika wake wamepita maboma manne na koleo. Wamezibandua bluu kwa mbuzi wazee na vilema, wakawafungia mbuzi wazuri kwa waya. Njano wakazitupia popote. Wamefanya kazi safi, lazima niseme. Mafundi.

Nilifika saa nne kuhakiki nambari. Mbuzi nambari arobaini na moja, jike kwenye orodha yangu, alikuwa na makende.

Nilipiga kelele mpaka mbwa wakaondoka. Nikamwambia Lodio ameua utafiti. Akaniuliza kama utafiti utamtafutia mke. Nikamwambia hereni si dawa, hereni ni jina tu. Akajibu kwamba mzee Ekuam anataka hilo jina.

Waliookoa siku ni akina mama. Niliwaita wote kwa Apua, tukaketi chini, mbuzi wakapitishwa mmoja mmoja. Hawakuangalia hereni hata kidogo, walisema tu: Huyu ni mweusi wa shingo ya kijivu, binti wa yule aliyezaa pacha mwaka wa mafuriko, alipata matone wakati Regina anapiga chafya — njano. Huyu alimkanyaga daktari kiatu — bluu. Kwa muda wa saa tatu na nusu, hereni za mbuzi mia moja thelathini na wawili zikarudi mahali pake, na orodha yangu ya karatasi ikakosolewa mahali pawili na mwanamke asiyejua kusoma. Nilirudi kuangalia fomu za kwanza. Apua alikuwa sawa, mimi ndiye nilikosea.

Kisha nikasimama nikatoa hotuba. Nilikuwa na kiburi leo! Utafiti ni kama mtihani, nikasema. Ukimsaidia mtoto wako mmoja kuibia, umewaharibia wote, na dawa haitakuja kwa mtu yeyote. Waliitikia kwa vichwa. Apua akasema nimeongea vizuri kama mwalimu. Mahari itangoja mradi uishe. Lodio hanisemeshi, amani imeingia nyumbani.

Jumatano, 16 Julai

Kikohozi. Boma la mwisho, kuelekea barabara ya Archers. Mbuzi wanne wamesimama miguu ya mbele imepanuka, shingo imenyooka, wanavuta hewa kwa shida. Loukoi. Ni ugonjwa unaousikia kabla hujauona.

Wote wanne ni njano. Nimeandika kwenye fomu, nikawadunga dawa ya kawaida. Imechelewa kwa wawili.

Jumatatu, 21 Julai

Maboma matatu sasa. Waliokufa kumi na saba, njano wote. Bluu wanakula, wanarukaruka, wanapanda juu ya paa la choo cha shule. Kompyuta ya Nairobi bado inatunza siri yake. Mungu aibariki, sasa siri hiyo inajulikana na kila fisi wa hapa.

Nimempigia Daktari Mungania. Nikasema imeonekana wazi, P ndiyo chanjo, tuwape njano waliobaki. Akanisikiliza kwa upole wake wote. Akasema anaelewa, anaumia pia, lakini utaratibu unasema tarehe tano Septemba, na tukikatiza mapema hakuna atakayeamini matokeo. Akanikumbusha hotuba yangu kwa akina mama, yeye mwenyewe huitaja kwenye ripoti zake. Nzuri sana, madam Regina.

Hotuba yangu! Ningeweza kuirudisha mdomoni ningeitafuna.

Jumamosi, 26 Julai

Apua amepoteza tisa kwa siku sita. Njano wake walikuwa kumi na mmoja, wamebaki wawili. Nilikuwa naye leo mchana kutwa. Tulimshikilia yule jike wa shingo ya kijivu, mimi na sindano, yeye na maziwa kwenye kikombe. Alikufa kichwa kikiwa pajani kwa Apua. Apua hakulia. Mimi ndiye nililia, mtaalamu na buti zangu za mradi. Alinipangusa uso na kanga yake akasema ninafanya niwezavyo.

Boma la mama bado halijaguswa. Hatua hamsini.

Jumapili, 27 Julai

Naandika haraka kabla sijajipangia maneno mazuri.

Kanisani sikusikia mahubiri. Chupa tatu za P zilikuwa zimebaki stoo ya mradi, na mimi ndiye mwenye ufunguo. Moja nilikuwa nayo kwenye mkoba tangu jana jioni. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba ilikuwa ndani ya mkoba, pamoja na Biblia.

Baada ya ibada nilienda kwa mama. Mbuzi walikuwa zizini kwa sababu ya joto. Matone mawili kila tundu la pua, njano wote kumi na wanne. Mama aliniletea mmoja mmoja. Kwa wa kwanza aliuliza kama hii si ile ya bluu. Nikatikisa chupa. Akafikiri kidogo, kisha akakibana kichwa cha mbuzi vizuri kati ya magoti yake. Yule mwekundu wa kiuno cheupe alikuwa wa tisa.

Tulikuwa tunamalizia Apua akatokea. Anatoka kanisani, bado na viatu vya Jumapili. Akasalimia, akauliza tunafanya nini. Nikasema ni dawa ya minyoo.

Akafurahi. Akasema basi nikimaliza nipite kwake pia, wale wawili waliobaki wamekonda, huenda ni minyoo.

Nikasema dawa imeisha.

Chupa ilikuwa mfukoni mwa koti. Ilikuwa na matone ya mbuzi thelathini na zaidi. Mbuzi wawili! Ningeweza kusema ndiyo tu, ningetembea hatua hamsini, dakika tano. Lakini nilimwogopa. Niliogopa ataona chupa, ataijua, maana yule mama huona kitu mara moja na hakisahau. Akasema haya, siku nyingine, akaenda.

Naona aibu. Sina neno lingine na sitalitafuta.

Jumatatu, 28 Julai

Fomu ya stoo inataka sababu ya chupa kupungua. Nimeandika: ilivunjika.

Kubai alisaini kama shahidi. Alisoma, akakuna kidevu, akauliza vipande vya kioo nilitupa wapi, asije akatoboa gurudumu. Chupa ni za plastiki.

Tuliangaliana. Akasema, "Andika ilimwagika, madam." Nimeandika ilimwagika. Miaka tisa kazini na nimefundishwa udanganyifu na dereva.

Alhamisi, 14 Agosti

Loukoi imefika kwa mama tangu wiki iliyopita. Bluu mmoja alikohoa siku tatu, akapona. Njano mmoja alikohoa siku mbili, akapona. Basi. Kumi na wanne wote wako hai, wananenepa, wamekula hata kikapu cha Lodio.

Wawili wa Apua walikufa Jumanne. Alinitumia salamu kupitia kwa mama, nisijisumbue kuja na sindano.

Gotu ina maelezo tayari. Kuna wanaosema mama alifunga na kuomba. Kuna wanaosema boma letu lina upepo mzuri. Jumapili katekista alimsimamisha mama atoe ushuhuda, jinsi Bwana alivyolipita boma lake. Mama akasimama, akasema Mungu ni mwema, akaketi. Ulikuwa ushuhuda mfupi kuliko wote katika historia ya kanisa hilo. Watu walisifu unyenyekevu wake.

Jumatano, 20 Agosti

Mama amempa Apua mbuzi wanne ili ajaze tena zizi. Ndivyo inavyofanywa hapa, mtu akianguka jirani humwinua, na mama asingefanya ningeshangaa. Majike wanne, wote njano, pamoja na yule mwekundu wa kiuno cheupe. Yule! Nikamwuliza mbona huyo. Akasema kwa sababu ndiye bora. Nikaenda kutafuta maji ya kunywa ambayo sikuyataka.

Apua aliwaimbia njia nzima mpaka kwake.

Jumanne, 26 Agosti

Simu ya Daktari Mungania. Nilidhani ni ya kufukuzwa kazi. Laiti!

Amefurahi kupita kiasi. Siri imefunguliwa, siku kumi kabla ya ile tarehe isiyokatizwa, kwa amri ya ng'ambo: P ni chanjo. Asante, Nairobi, hatukujua. Bluu karibu wote wako hai. Njano za maboma matano, kati ya hamsini na wawili wamekufa arobaini na watatu. Lakini njano za boma la sita — kumi na wanne, aliyekufa hakuna! Maji ya chumvi, na hakuna aliyekufa! Wakubwa wa mradi ng'ambo hawajalala. Wanaamini ni kinga ya kuzaliwa nayo. Huenda kuna kitu ndani ya damu ya mbuzi wa mama yangu ambacho dunia haijawahi kuona.

Ni kweli, kimo. Kina ukubwa wa unywele wa duka uliopasuliwa mara elfu themanini.

Kwa hivyo mpango umebadilika. Kwanza, wale kumi na wanne watachukuliwa, watapimwa damu kwa wiki mbili, kisha watachinjwa kitaalamu mapafu yaangaliwe. Mama alitia kidole gumba mwezi wa sita kwamba mradi unaweza kuchukua sampuli. Sampuli ndiyo hao. Fidia ipo, fomu yake inatengenezwa. Pili, awamu ya pili itangoja. Hawawezi kugawa chanjo Ngare Mara yote kabla ya kuelewa mbuzi hawa. Mwaka mmoja, labda miwili.

Nikauliza na loukoi itangoja pia? Akacheka, akasema ananipenda kwa ucheshi wangu.

Niliwaponya wasife, sasa watachinjwa kwa sababu hawakufa. Na mbuzi wa Ngare Mara yote watakohoa mwaka mwingine wakingoja watu wasome mapafu ya hawa kumi na wanne. Sijui nicheke upande gani.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimeandika ujumbe kwa daktari mara nne. Nimefuta mara nne. Wa kwanza ulikuwa mrefu na una maneno "hali ngumu" mara tatu. Wa mwisho ulikuwa na maneno matano: Niliwapa chupa P, daktari. Samahani.

Kazi nitapoteza, hilo najua, na nimeshaanza kuizoea. Nitauza miraa, nitafuga kuku, nitaishi. Si kazi inayonizuia. Ni Apua. Ripoti itasomwa mbele ya watu, hapa kila ripoti husomwa mbele ya watu, na yeye atakuwa mstari wa mbele, amekunja miguu, anasikiliza kila neno. Atahesabu siku. Jumapili ile, dawa ya minyoo. Hatahitaji karatasi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimemwambia mama kuhusu lori litakalokuja kuchukua wale kumi na wanne. Alikuwa anakamua. Hakuacha kukamua.

Nikasema nikikiri, mbuzi watabaki na chanjo itakuja. Akasema basi kiri. Nikasema Apua atajua. Akasema ndiyo, atajua, na atajua pia nani alishika vichwa vya mbuzi. Nikamwuliza kwa nini alishika. Akaniambia nisimuulize maswali ya kijinga, nilikuwa nimekuja na chupa mkononi, kama nilitaka akatae ningekuja mikono mitupu.

Baadaye, nikiwasha pikipiki, alinifuata mpaka njiani. Akasema hawezi kukutana na Apua kisimani tena bila kuangalia pembeni, na wamechota maji pamoja miaka arobaini. Akasema niseme, au nisiseme, lakini nisiuache mwaka uishe hivi. Alikuwa na machozi. Mama yangu! Sikujua la kufanya, nikavaa helmeti.

Alhamisi, 11 Septemba

Gotu, saa sita na kitu. Niko ndani ya gari la mradi, kiti cha mbele, nimefunga mlango. Joto la kuoka mkate. Huko nje lori limeteremsha mlango wa nyuma na hakuna mbuzi hata mmoja aliyepanda.

Kumi wa mama walishatengwa, wamefungwa kamba. Tukaenda kwa Apua kuchukua wale wanne, maana orodha ina nambari na nambari hazijui kwamba wamehama. Apua alisikiliza maelezo ya Daktari Mungania mpaka mwisho. Kisha akaketi chini katikati ya mlango wa zizi, akanyoosha miguu.

Daktari akaeleza tena, kwa upole zaidi. Faida kwa sayansi. Fidia. Apua akamjibu kwa Kiswahili ili asihitaji mkalimani.

"Wewe ulinipa njano, sikusema kitu. Wangu wakakufa kumi na moja, sikusema kitu. Hawa ni wa Mama Regina, amenipa na mkono yake. Hawa Mungu alibakisha. Mnataka kupasua mkaangalie Mungu iko wapi?"

Watu wakaitikia. Sasa boma limejaa, maboma yote sita yako hapa, Lodio na marika wake pia, na katekista. Daktari akasema kwa huzuni kwamba lazima ijulikane kwa nini hawa hawakufa, hakuna njia nyingine ya kujua.

Apua akasema ipo. Akanyoosha kidole kwangu.

"Akidor hapa ndiye aliweka hereni. Ndiye alikuwa na mimi siku ile wangu wanakufa, alikuwa analia kushinda mimi. Huyu nimebeba mgongoni. Hawezi kunidanganya. Muulizeni yeye kama hawa wako na kitu."

Wote wakageuka. Nikasema ngoja niangalie kwenye kitabu.

Fomu za mradi ziko kiti cha nyuma, sijazigusa. Nimefungua hiki changu. Wanaona naandika, wanadhani nafanya hesabu. Daktari ameangalia saa. Kubai ameegemea boneti, amenipa mgongo, na naona mabega yake yanavyongoja. Mama amesimama na mkono juu ya pembe ya yule mwekundu. Hanitazami.

Nikisema, lori litarudi tupu. Wanne watabaki kwa Apua na chanjo itafika Ngare Mara mwezi ujao. Ni maneno matano, nimeshayafanyia mazoezi. Nikinyamaza, Apua ataendelea kunipenda, na watamwinua pale mlangoni kwa nguvu.

Nimerudi nyuma kurasa kadhaa. Tarehe ishirini na saba Julai, ile Jumapili ya dawa ya minyoo. Mwandiko mbaya lakini unasomeka.

Apua ameinuka. Anakuja huku. Daktari anamwachia njia. Amegonga kioo kwa vidole viwili, nimeteremsha kidogo. Anasema jua ni kali na watu wamechoka. Anasema nisitafute maneno makubwa, nishuke tu, nimsomee vile nilivyoandika.